Bwana Laurenti Hakutaka Kuwa Senex

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, jogoo na hotuba ndefu. Nawashukuru kwa vyote, hasa jogoo, ambaye hakuhutubia. Lakini nilipokuwa natoka stoo ya dawa kwa mara ya mwisho, niliona kile kipande cha ubao nyuma ya mlango, ambacho ninyi vijana mnakianikia vitambaa vya kufutia meza. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama maneno yake ni sala. Si sala. Ule ni ubao wa Bwana Laurenti, na kabla hamjaupasua kuni naomba msome haya.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara ulikuwa mgeni wa haraka ambaye hata kiti hakalii. Nitaandika habari za dirisha la dawa na za mtu aliyenifundisha kazi. Nikizikumbuka nacheka peke yangu jikoni, hadi wajukuu wameanza kuulizana kama bibi yao ni mzima.

Nilifika Karagwe mwaka 1978, miezi michache kabla ya vita, nimekaa juu ya lori lililokuwa linakwenda kubeba kahawa. Nilikuwa msichana wa Muleba, binti wa mwenye duka, nimetoka tu kwenye mafunzo ya utoaji dawa na nina viatu vipya vya visigino. Kisigino kimoja kilibaki kwenye tope siku hiyohiyo, na nilimaliza safari yangu nikichechemea kati ya migomba. Hospitali ya misheni ilikuwa majengo machache ya matofali. Dirisha la dawa lilitazama barazani, na foleni yake ilikunja kona hadi kwenye jiko la wauguzaji, ndugu waliokuja kuuguza wagonjwa wao.

Sista Beata, mtawa wa Kizungu aliyekuwa mkuu wa hospitali, alinikabidhi kwa mwanamume mmoja mrefu aliyekuwa anatwanga kitu kwenye kinu. Nikapiga goti kidogo, kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

Mchi ukasimama.

"Unaitwa nani, binti?"

"Leokadia."

"Leokadia, huyo mzee uliyemwamkia yuko wapi? Nionyeshe, nami nimwamkie."

Kwa ujinga wangu niligeuka nyuma kutazama. Hapakuwa na mtu ila rafu za chupa.

"Humu ndani," akasema, "kuna adulescens, ndiye wewe. Na kuna iuvenis, ndiye mimi. Masenex wote wako nje kwenye foleni. Haya, marahaba."

Hiyo marahaba aliimeza kama mtu anayemeza kwinini bila maji.

Bwana Laurenti alikuwa mtu wa Ihembe. Alisoma seminari karibu amalize, kisha kwenye sikukuu ya Pasaka akamwona binti mmoja amebeba kikapu cha ndizi, na upadre ukaishia hapo. Alimwoa, wakalea watoto hadi wakaondoka nyumbani, na miaka michache kabla sijafika alikuwa amemzika. Upadre aliuacha njiani lakini Kilatini kilimfuata mpaka nyumbani, na dirisha la dawa likawa mahali pekee pa kukilisha. Siku zile madaktari waliandika vyeti kwa Kilatini cha mkato. Mgonjwa alisikia Kinyambo, lugha ya huku. Katikati nilisimama mimi na Kiswahili changu, nikitokwa na jasho.

Ule ubao aliuandika kwa dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, na ndiyo maana hauna rangi nyingine. Juu kuna ngazi za maisha: INFANS, mtoto mchanga hadi mdogo, PUER, mtoto, ADULESCENS, anayechipuka, IUVENIS, kijana mwenye nguvu zake, SENEX, mzee. Chini yake kuna nyakati za kumeza dawa: MANE asubuhi, MERIDIE mchana, VESPERE jioni, NOCTE usiku. Pembeni peke yake aliandika HODIE, yaani leo, kwa ajili ya wale wanaopokea dawa, wakaitundika ukutani, wakaahidi kuanza wiki ijayo.

"Dawa hufuata umri na saa," aliniambia. "Ukikosea umri umemzidishia mtu au umempunja. Ukikosea saa umepoteza dawa. Mengine ni kufunga bahasha."

Shida ilikuwa kwamba watu wa huku hawakuwa na tarehe za kuzaliwa, walikuwa na habari za kuzaliwa. Ukimwuliza mama mtoto wake ana miaka mingapi, anakutazama kwa huruma. Basi Bwana Laurenti alikuwa na vipimo vyake. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, amevuka infans, ameingia puer, na kipimo cha dawa kinapanda. Mvulana aliambiwa asome kwa sauti neno lolote. Sauti ikivunjika katikati, adulescens huyo. Mtu mzima aliulizwa habari za Vita vya Pili vya Dunia: ulikuwa unabebwa, unakimbia mwenyewe, au unawabeba wengine? Na mzee aliulizwa habari za nzige, maana wazee wote wa nchi hii walihesabu miaka yao kuanzia mwaka ule nzige walipokula hata majani ya migomba.

Maneno yale yalitoroka dirishani yakaingia vijijini. Wanawake wa Ndama walifika na watoto mgongoni wakasema kabla sijauliza, kwa lile waitu lao la heshima, "Wangu bado infansi, waitu, sikio hajalifikia." Mama mmoja alijifungua mtoto aliyekuwa na haraka hata mkunga hakuwahi kuvaa glavu. Daktari alikuwa ameandika STATIM kwenye cheti chake, maana yake mara moja, upesi. Mtoto akabatizwa Statimu. Ni mwanamume mzima sasa, na nasikia huchelewa kila mahali.

Siku moja Sista Beata alikuja kutukemea kwamba tumefungua dirisha kwa kuchelewa. Alinyooshea kidole saa yake ya mkononi. Bwana Laurenti akaweka chini kisu cha kuhesabia vidonge, akapangusa mikono, na nikajua tumekwisha.

"Sista, Mrumi wa kale jua likishachomoza alihesabu hora prima, saa ya kwanza. Leokadia, wewe wakati huo unasema saa ngapi?"

"Saa moja."

"Jua likiwa utosini, Mrumi anasema hora sexta. Wewe?"

"Saa sita!"

"Jua likiinama, hora nona."

"Saa tisa!" Nilipiga kelele kama niko darasani. Foleni nayo ikaitikia, bila kujua inaitikia nini.

"Basi, Sista, kwa unyenyekevu wote: Mrumi, Mnyambo na Leokadia wanakubaliana. Aliyepotea ni huyo aliyetengeneza saa yako."

Nilicheka hadi sahani ya klorokwini ikapinduka na vidonge vikakimbilia chini ya kabati. Sista alikaza uso, lakini mabega yalimsaliti, na siku nzima tulimwona akiitazama saa yake kwa mashaka.

Sasa nawaambieni jambo moja la kazi, mlishike. Bwana Laurenti alikataza kumpa mgonjwa saa ambayo hana. Ukimwambia mtu "meza saa mbili usiku" na nyumbani kwake hakuna saa, umemwambia hadithi. Alimwuliza kila mmoja saa ya nyumbani kwake ni ipi. Mwanamke akasema, "Nikishainjika chungu cha ebitoke, zile ndizi za mchana." Hiyo ikawa meridie yake. Mchungaji akasema, "Ng'ombe wakirudi." Hiyo ikawa vespere. Tulirudia naye mara kadhaa mpaka aseme mwenyewe, ndipo bahasha inatoka mikononi mwetu.

Njia hii ilifanya kazi vizuri sana, isipokuwa kwa bwana mmoja wa Nyabiyonza mwenye kifafa. Alitakiwa kumeza kidonge nocte, naye alichagua saa yake mwenyewe: jirani mlevi, ambaye kila siku akitoka kunywa rubisi alipita njiani akiimba. Jirani akianza kuimba, yeye anameza. Alikaa vizuri muda mrefu. Kisha akarudi ameungua mkono, ameangukia moto.

"Uliacha dawa?" nikamwuliza.

"Sikuacha, dada. Nangoja mpaka nalala. Jirani haimbi tena."

"Amekufa?"

"Ameokoka."

Bwana Laurenti alifumba macho. Nilidhani anasali, kumbe anazuia kicheko kwa ajili ya ule mkono ulioungua.

"Na sasa jioni anafanya nini?"

"Wanakuja walokole wenzake, wanaimba pambio. Hao ndio wana kelele kuliko rubisi."

"Basi, ndugu yangu, wakianza pambio, meza. Na umwombee asirudi nyuma."

Alipona, na jirani hakurudi nyuma. Hata sisi tulimwombea.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikazaa, nikazoea tope. Bwana Laurenti naye akaanza vita vyake na ubao. Mkiutazama vizuri, mbele ya IUVENIS mtaona madoa ya zambarau yamerundikana. Hapo ndipo palipoandikwa mwisho wa ujana. Nilipofika ujana uliishia arobaini na tano. Baadaye nikakuta umeishia hamsini. "Wataalamu wa kale hawakukubaliana," alinieleza bila kuulizwa. Baada ya miaka mingine nikakuta hamsini na tano, rangi bado mbichi.

"Hao nao ni wataalamu wa kale?"

"Wa kale sana. Huwajui."

Sababu ya kwanza ilikuwa kazi. Kwetu mtu wa dirishani akifika sitini alikabidhi funguo za stoo na nyumba ya hospitali, akarudi kwao. Bwana Laurenti alipoajiriwa hakuwa na tarehe, kama sisi wengine. Mtawa aliyekuwapo kabla ya Sista Beata alimkisia kwa macho, na kwa kuwa alikuwa mtu mzuri wa sura, alimkisia kwa upendeleo, akampunguzia miaka. Yeye hakuwa na utovu wa adabu wa kumsahihisha mtawa. Alilipenda dirisha lile kuliko kitu chochote. Ihembe palikuwa na nyumba tupu na shamba la ndugu zake, na hakuna mtu wa kumwambia hora sexta.

Sababu ya pili ilikuwa Mama Verediana. Huyu alikuwa mjane wa Nyabiyonza aliyepika uji kwenye jiko la wauguzaji na kuwagawia wagonjwa wa mbali. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kufukuza tumbili shambani. Bwana Laurenti alianza kunywa uji mane. Kisha meridie. Kisha na vespere, hata nikamwambia dozi hiyo ni ya mtu mgonjwa. Kila alipotaka kumposa, alijitazama kwenye kioo cha kabati, akaona nywele nyeupe, akaahirisha.

Ndipo zile nywele zikageuka nyeusi. Zilikuwa nyeusi mno, nyeusi ya chungu. Kwenye sikukuu ya somo wa parokia tulikuwa kwenye maandamano, yeye amesimama safu ya mbele akiimba Kilatini kuliko mapadre, mvua ikatunyeshea. Michirizi miwili ikamshuka mashavuni, ikaingia kwenye kola ya shati jeupe. Aliimba hadi mwisho bila kujipangusa. Mama Verediana alikuwa nyuma yangu, amejiziba mdomo kwa kanga, anatikisika.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini daktari wa macho alikuwa akitutembelea mara moja kwa mwaka, na watu walikuja hata kutoka upande ambao leo ni Kyerwa. Mwaka mmoja alikuja na vifaa vichache. Akatangaza kwamba atawapasua kwanza wenye mtoto wa jicho waliofika sitini. Wengine wangoje mwakani. Tangazo lilienea upesi, na asubuhi yake baraza lote lilijaa watu waliozaliwa mwaka wa nzige. Hata mwanamume aliyekuwa amebeba mtoto mchanga wa kumzaa mwenyewe alidai kuwaona nzige kwa macho yake.

"Walikuwa na rangi gani?" Bwana Laurenti akamwuliza.

"Nyeupe, waitu."

"Hao walikuwa kumbikumbi. Rudi nyumbani."

Sista Beata alikuwa amemweka yeye kuchuja umri, kwa sababu hakuna aliyejua vipimo kama yeye. Tulikaa meza moja: daktari, Sista, Bwana Laurenti na mimi. Mama Verediana alikuwa anazungusha uji kwenye foleni. Bwana Laurenti alikuwa na furaha kama samaki aliyerudishwa majini. Aliuliza, alitania, alitoa hukumu: senex, iuvenis, senex, mwongo.

Kisha akaja mzee mmoja ameshika bega la bintiye. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Lakini kichwa kilikuwa cheusi tii, rangi ya Mungu mwenyewe, na meno yote yalikuwa mahali pake. Bwana Laurenti kando yangu akainamisha uso mezani badala ya kuuliza.

Daktari akamtazama, akacheka kwa upole. "Huyu bado kijana. Mwakani, ndugu."

"Mwaka jana mliniambia mwakani," mzee akajibu. "Mwaka jana nilikuwa naona mlango. Sasa siuoni. Mwakani mtaniambia macho yamekufa."

"Una umri gani?"

"Wa nzige."

Foleni nzima iliangua kicheko, kwa maana kila mtu asubuhi ile alikuwa wa nzige. Mzee akangoja kicheko kipite. Aliitwa Bitegeko, wa Ihembe.

"Ninyi chekeni," akasema. "Nywele zetu ndivyo zilivyo, hata baba alizikwa nazo nyeusi. Lakini yuko shahidi. Mwiteni Laurenti wa dirisha la dawa. Nzige walipomaliza mashamba, mama yake hakuwa na maziwa. Mama yangu alitushika wote wawili, mimi titi hili, yeye titi lile. Mwulizeni yeye. Nasikia bado anafanya kazi hapa, Mungu amjalie. Yupo?"

Hakujua kwamba shahidi ameketi mbele yake, umbali wa kunyoosha mkono.

Hapo nikaelewa yote kwa pamoja. Bitegeko akiwa na sitini, Laurenti naye ana sitini. Akisema ndiyo, funguo za stoo zinaondoka leo. Akisema hapana, rafiki yake anarudi gizani, na hakuna atakayejua. Isitoshe Mama Verediana alikuwa amesimama pale pale na birika lake, anasikiliza kama wengine. Nilitaka aseme ndiyo. Nakiri pia nilitaka asiondoke.

Bwana Laurenti alimtazama Sista. Kisha akamtazama Mama Verediana, muda mrefu zaidi. Akasimama, akavuta shati lake likae sawa.

"Nipo, Bitegeko."

Mzee akageuza uso kuifuata sauti. "Laurenti! Waambie basi."

"Sista, andika senex," akasema. "Wawili. Mmoja aingie chumba cha upasuaji, mwingine aende nyumbani."

"Laurenti," Sista akasema taratibu, "unajua maana ya neno hilo?"

"Sista, kama silijui mimi, hapa nani analijua?"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia tu kitu kikidondoka: Mama Verediana alikuwa anamimina uji kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, unafurika, unamwagikia miguuni mwa mtu, na wala mwenye miguu hakulalamika. Kisha akachukua birika lake akaondoka bila neno. Bwana Laurenti alimtazama mpaka akapinda kona. Akakaa. "Anayefuata," akasema.

Bitegeko alipasuliwa siku hiyohiyo jicho moja. Kesho yake asubuhi tulikwenda wodini kuona bandeji ikitolewa. Bwana Laurenti alikuja amevaa koti lake la Jumapili, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilimwona alivyo. Alikuwa ameosha kichwa. Kilikuwa cheupe chote, kama pamba iliyopasuka. Alisimama mbele ya kitanda, akaificha nyuma ile mikono iliyohesabu vidonge maisha yake yote bila kukosea.

Muuguzi akaondoa kitambaa. Bitegeko alipepesa jicho, akalitazama dirisha, akautazama mkono wake, akautazama uso wa bintiye akautomasa. Kisha akamwona mwanamume aliyesimama mbele yake. Akajiweka sawa kitandani kwa heshima, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, taata."

Taata, yaani baba! Amemwamkia mwenziwe waliyegawana naye titi! Bwana Laurenti akafunga kifungo cha koti. Kisha kikamtoka kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu nimjue, marahaba iliyojaa, pana, ya mtu anayeistahili, ikasikika hadi wodi ya wazazi.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

"Naomba uniitie Laurenti," Bitegeko akaendelea kwa adabu. "Nataka kumshukuru."

"Laurenti ndiye mimi."

Bitegeko akalikaza jicho lake jipya. Alimtazama juu, akamtazama chini.

"Wewe? Kumbe nzige walikula nywele zako zote rangi!"

Basi tulicheka. Bwana Laurenti alicheka hadi akaketi kitandani kwa mgonjwa, daktari akatukemea kwamba jicho halitakiwi kutikiswa, kisha naye akageukia ukutani. Bitegeko alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka kwenye jicho linaloona, na wawili hao walishikana mikono kama watoto waliookotana njiani.

Katikati ya kelele hizo nikaona Mama Verediana amesimama mlangoni na kikombe cha uji wa mgonjwa. Bwana Laurenti akamwona pia. Kicheko kikamwisha. Akainuka.

"Mama Verediana," akasema, "jana ulisikia, na leo umeona. Nilitaka kukuambia neno siku nyingi, lakini sasa halina maana. Mimi ni mzee."

"Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Masizi uliyojipaka uliyakwangua kwenye chungu changu, Bwana Laurenti. Ulidhani sikioni chungu kinang'aa?" Akamkabidhi mgonjwa uji wake, bila haraka, akahakikisha kikombe kimeshikwa vizuri. Kisha akamgeukia. "Kijana nilishaolewa naye. Nilimzika, na hatukuwahi kuzeeka pamoja. Safari hii nataka mzee. Sema hilo neno lako."

Akalisema. Alilisema kwa Kiswahili, kwa Kinyambo na kwa Kilatini, kwa hofu kwamba moja halitatosha.

Walifunga ndoa kabla ya mavuno ya kahawa, msimamizi wake akiwa Bitegeko, ambaye sasa aliona kila kitu na kutoa maoni juu ya kila kitu. Walihamia kwenye nyumba ile ya Ihembe, na nilipokuwa nakwenda kuwasalimia niliisikia sauti ya Mama Verediana tangu barabarani: "Wee senex, hora sexta imefika, njoo ule!"

Lakini kabla ya hapo, siku aliyokabidhi funguo, alichukua brashi na kile kikopo cha dawa ya zambarau. Nilidhani anakwenda kuusogeza tena mpaka wa ujana. Aliufuta. Halafu akashuka mstari mmoja, na mbele ya SENEX, ambapo hapakuwa na kitu miaka yote ile, akaandika HODIE, leo, kwa herufi kubwa. Mtaliona neno hilo mkiondoa kitambaa cha kijani.

Juzi nilirudi hapo kwenu, safari hii upande wa nje wa dirisha, kuchukua dawa yangu ya presha. Yule binti wenu mpya hanijui. Aliniinamia akasema, "Shikamoo, bibi." Kwa sekunde moja, nawaambia kweli, niligeuka nyuma kutazama bibi ni nani. Kisha nikakumbuka, nikajaza kifua, nikaitika marahaba iliyofanya foleni nzima inigeukie.